Mwili una wasafishaji wake, tusiwaelemee



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.t.), aliyetuumba na akatupa miili hii iwe amana mikononi mwetu. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumeona tulizungumze jambo ambalo limo ndani ya nyumba zetu nyingi, lakini husemwa kwa kunong'ona. Nalo ni hizi dawa za "kusafisha mwili" na "kurekebisha homoni", ambazo sasa zinauzwa sokoni, kwenye mabasi, kwenye simu, na mara nyingine hata nje ya milango ya misikiti yetu.

Miezi kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukitoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kijana mmoja alitushika mkono akatuvuta kando, chini ya mwarobaini. Alisema kwa sauti ya chini, "Ustadhi, nina swali la aibu kidogo." Tukamwambia aseme. Akatueleza kwamba ameoa miaka minne sasa na hawajajaaliwa mtoto. Siku za mkewe zilikuwa zimepotea kwa miezi saba. Bibi huyo alikuwa akichoka bila ya kazi, akinenepa ilhali hali sana, akijifunika kanga mbili mchana wa jua kwa kuhisi baridi, na nywele zilikuwa zikikatika kila akichana.

Walikwenda kwa muuza dawa mmoja. Huyo, bila ya kumpima chochote, aliwaambia kwamba mwili wa mama umejaa sumu na homoni zimevurugika, kwa hiyo lazima asafishwe. Dawa ilikuwa chupa tatu, kila chupa shilingi elfu thelathini na tano. Mama aliponywa chupa ya kwanza aliharisha siku mbili, wakaambiwa wafurahi kwani sumu inatoka. Zilipokwisha zote tatu, wakaambiwa sumu ilikuwa nyingi, waongeze tatu nyingine. Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo. Sasa swali la kijana lilikuwa hili: je, inafaa akope fedha ili anunue awamu ya nne?

Tulimjibu kwa swali moja tu: "Mkeo amepimwa damu hospitali?" Akainama. Akasema, "Bado."

Tutarudi kwa kijana huyu mwishoni inshaallah. Kwanza tuitazame kazi aliyoiweka Mola wetu ndani ya miili yetu, kwani anayeijua vizuri hawezi kuuziwa kitu kirahisi.

WASAFISHAJI WATATU

Homoni ni wajumbe. Hutoka katika tezi mbalimbali: ile ndogo iliyo chini ya ubongo, ile ya shingoni ambayo ikivimba huitwa rovu, kongosho, tezi mbili zilizokaa juu ya figo, vifuko vya mayai vya mwanamke na korodani za mwanamume. Wajumbe hawa husafiri katika damu kwa kiasi kidogo mno, na kila mmoja ana ujumbe wake. Insulini hushughulika na sukari. Homoni ya tezi ya shingo huongoza kasi ya mwili na joto lake. Estrojeni na wenzake hupanga siku za mwanamke na mimba.

Mjumbe akishafikisha ujumbe, hana budi aondoke. Akibaki mlangoni akiendelea kubisha, nyumba haitatulia. Hivyo basi, afya ya homoni ina pande mbili: kutengenezwa kwa kiasi, na kuondolewa kwa wakati. Huu upande wa pili ndio uliokabidhiwa kwa wasafishaji watatu.

Wa kwanza ni ini. Limekaa upande wa kulia chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Kila dakika hupitiwa na damu inayokaribia lita moja na nusu, na sehemu kubwa ya damu hiyo inatoka moja kwa moja tumboni ikiwa imebeba tulichokula. Ini hufanya kazi yake kwa hatua mbili. Kwanza huibadilisha ile homoni, au dawa, au kemikali ya kigeni. Kisha huifunga pamoja na kitu kingine ili iweze kuyeyuka katika maji. Ikishafungwa, hupelekwa ama kwenye nyongo, ama kwenye damu iendayo figoni.

Wa pili ni figo. Tumepewa mbili, na kila moja ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja figo zetu huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu. Hebu yapange madumu tisa ya lita ishirini ukutani uyatazame. Yote hayo huchujwa kati ya alfajiri na alfajiri, na karibu yote hurudishwa mwilini yakiwa safi. Kinachotoka kama mkojo ni lita moja hadi mbili tu. Hakuna mashine ya hospitali iliyofikia ustadi huo, na wanaosafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma wanaijua thamani ya neema hii kuliko sisi.

Wa tatu ni utumbo, na huyu wengi humsahau. Estrojeni iliyofungwa na ini huteremka na nyongo hadi utumboni ili itoke na choo. Lakini wamo humo vijidudu vinavyoweza kuifungua tena, na ikifunguliwa, sehemu yake hunyonywa na kurudi katika damu. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani waliwalinganisha wanawake wasiokula nyama na wanaokula kila kitu. Waliona kwamba wale wa mboga na nafaka, ambao choo chao kilikuwa kingi zaidi, walitoa estrojeni nyingi zaidi kwa njia ya choo, na kiasi kilichobaki katika damu yao kilikuwa kidogo zaidi. Kwa hiyo bakuli la kunde na mchicha lina neno lake katika habari ya homoni, ingawa hakuna anayelitangaza kwa kipaza sauti.

"SUMU" ISIYO NA JINA

Sasa tuwageukie wauzaji. Ndugu Muislamu anapoambiwa kwamba mwili wake umejaa sumu, ana haki ya kuuliza: sumu gani? Inaitwaje? Imepimwa kwa kipimo gani? Na baada ya dawa, itapimwa tena ili tujue kwamba imetoka? Muuzaji wa haki hatakasirika kwa maswali hayo, maana biashara yetu imejengwa juu ya kuwekana wazi.

Mara nyingi jibu huwa ni kuharisha. "Si umeona inavyotoka?" Ukweli ni kwamba dawa nyingi za namna hii zina majani au mizizi ya kuharisha, na sanamaki ni miongoni mwa yanayojulikana sana. Sanamaki ni dawa ya kale na ina mahali pake kwa mwenye kufunga choo, kwa siku chache. Lakini kinachotoka mtu anapoharisha ni chakula, maji na chumvi za mwili. Akiendelea kwa majuma, madini ya potasiamu hupungua katika damu, misuli hulegea, na moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Wala homoni yake haijarekebishwa.

Kuna madhara makubwa zaidi ya hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika jiji la Brussels nchini Ubelgiji, kliniki moja ya kupunguza unene iliwapa wanawake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja uliotarajiwa kuwamo ulikuwa umebadilishwa kwa makosa, ukawekwa mwingine wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu kali kwa figo. Mwaka 1993 madaktari waliitangaza habari hiyo katika jarida la kitabibu. Baadaye wagonjwa walipita mia moja, na wengi wao figo zilikufa kabisa. Wengine walipata saratani ya njia ya mkojo. Waliingia katika kliniki ile wakiwa na afya, wakitaka kupungua tu, na waliambiwa kuwa wanachomeza ni cha asili.

Asili si dhamana. Nyoka ni wa asili, na uyoga wa sumu ni wa asili. Tusemapo hivi hatuwavunjii heshima waganga wetu wa jadi wenye elimu, ambao wanajua mmea, kiasi chake na hatari yake. Tunamsema mwenye chupa isiyo na maandishi, ambaye hajui kilichomo au hataki kukisema.

Tena hata ini kufanya kazi kwa kasi si lazima kuwe heri. Mfano uko karibu nasi. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hulichochea ini livunje vitu haraka. Mwanamke anayeitumia dawa hiyo, kisha anameza vidonge vya kupanga uzazi au amewekewa kijiti mkononi, ini lake huivunja homoni hiyo kabla haijafanya kazi, na anaweza kushika mimba asiyoitarajia. Kwa hiyo aliye kwenye matibabu ya kifua kikuu amweleze mhudumu wa uzazi wa mpango, na asiiache dawa ya kifua kikuu kwa hali yoyote. Mfano huu unatufundisha kwamba ini lina kipimo chake. Anayetuuzia "kuliamsha ini" hajatuambia ataliamsha mpaka wapi.

TUNACHOMIMINA KILA SIKU

Ikiwa wasafishaji tayari wapo, wajibu wetu ni upi? Jibu letu ni fupi: tupunguze tunachowamiminia.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mdogo lakini wenye mafunzo, uliofanywa California, Marekani. Familia tano, watu ishirini kwa jumla, wazazi na watoto, zilipewa kwa siku tatu chakula kibichi kilichopikwa bila ya makopo wala vyombo vya plastiki. Walipimwa mkojo kabla na baada. Kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo hutumika katika plastiki ngumu na ndani ya makopo ya vyakula, ilikuwa imepungua kwa asilimia 66 kwa wastani. Siku tatu tu! Hawakunywa chupa yoyote wala hawakuharishwa. Waliacha kumimina, na ini na figo zikamaliza kazi.

Kemikali hiyo inatuhusu kwa sababu hufanana kidogo na estrojeni. Hilo lilijulikana tangu 1936, wakati mwanasayansi wa London, Charles Dodds, alipoonesha kwamba inaweza kufanya kazi kama homoni ya kike. Umoja wa Ulaya uliizuia katika chupa za watoto za plastiki mwaka 2011, na Desemba 2024 ukaamua kuiondoa katika vifaa vya chakula kwa jumla, kwa kipindi cha mpito. Hatusemi kwamba kila ugumba au kila maumivu ya hedhi yametokana na plastiki. Tunasema kwamba mzigo huu unaweza kuepukwa bila ya gharama.

Tazameni majiko yetu. Wali ukikaribia kuiva, tunautandazia mfuko wa nailoni kisha tunafunika ili ukauke vizuri. Uji wa moto tunaumimina katika chupa laini ya plastiki. Chai na supu huuzwa ndani ya mfuko, zikitoa mvuke. Mifuko hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya joto la chungu, na joto pamoja na mafuta huongeza kuhama kwa kemikali kutoka katika plastiki kwenda katika chakula. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 1, 2019, lakini hii ya jikoni tumeibakisha wenyewe. Bibi zetu walifunika wali kwa jani la mgomba, ukaiva vizuri. Sufuria yenye mfuniko mzito, kawa, bakuli la udongo, kikombe cha kauri: vyote hivi tunavyo.

Mzigo wa pili ni mkorogo. Hapa tunawaomba akina mama, mabinti, na akina baba wanaosifia weupe, watusikilize kwa makini. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zimekutwa na zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za jamii ya steroidi. Zebaki hupita katika ngozi ikaenda kukaa figoni. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza habari za wagonjwa 60 wa figo waliokuwa wakivimba mwili na kupoteza protini katika mkojo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za zebaki. Baadhi walipona baada ya kuziacha. Hiyo ni zaidi ya nusu karne iliyopita, na bado tunapaka.

Ama steroidi, hizo zenyewe ni homoni. Zikipakwa kwa muda mrefu juu ya sehemu kubwa ya mwili, huingia katika damu, na zile tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza zake. Mtu huvimba uso, hunenepa tumbo, sukari na shinikizo la damu hupanda. Aliyezitumia kwa miaka asiache ghafla bila ya daktari, maana tezi zilizolala haziamki kwa siku moja. Krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017, zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Lakini sheria haingii chumbani kwa mtu. Anayeingia ni mume anayemwambia mkewe kwamba rangi aliyoumbwa nayo inamtosha.

Mzigo wa tatu ni sumukuvu, sumu ya kuvu iotayo katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Hii ni sumu ya kweli, ina jina na ina kipimo. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya zikiwamo Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na 125 kati yao wakafariki kwa mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 balaa kama hilo lilifika Dodoma na Manyara. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini B. Kupika hakuiondoi. Dawa yake ni kuanika mahindi juu ya turubai na si chini, kuyahifadhi yakiwa makavu, na kuzitupa punje zenye ukungu hata kama roho inauma. Tusiwape kuku wala tusiwauzie majirani. Na watoto wapate chanjo ya homa ya ini B, ambayo imo katika chanjo zao za kawaida.

Ini likiharibika, homoni nazo hupotea njia. Wanaume wenye ini lililosinyaa huweza kuota matiti na kupoteza nguvu za kiume, kwa kuwa mizani ya homoni imeelemea upande mmoja. Pombe, ambayo sisi tumeharamishiwa, ni katika sababu kubwa za hali hiyo.

Tuongeze moja dogo kuhusu muhogo mchungu. Una sianidi, na mwili unapoiondoa hutengeneza kitu kiitwacho thayosianati, ambacho huizuia tezi ya shingo kupata madini joto. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi katika kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, nchini Kongo, walikuta rovu likienda pamoja na muhogo na uhaba wa madini joto. Kina mama wanaouroweka na kuuanika muhogo kwa utaratibu wa wazee wanajua wanachokifanya. Wasiharakishwe. Na chumvi ya nyumbani iwe ile yenye madini joto.

YANAYOWASAIDIA WASAFISHAJI

Baada ya kupunguza mzigo, yapo machache ya kuongeza, na mengi yao yamo katika mafunzo tuliyokwisha kupewa.

Kula kwa kiasi. Tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba tumbo ligawiwe baina ya chakula, maji na pumzi. Mafuta ya mwili, hasa ya tumboni, hutengeneza estrojeni kwa wanaume na wanawake, na huifanya insulini isisikilizwe. Mwanamke mnene ambaye siku zake hazina mpango, akipungua hata sehemu tano mpaka kumi katika mia ya uzito wake, mara nyingi siku hizo huanza kurudi.

Kula mboga na jamii ya kunde. Dona badala ya sembe, mbaazi, choroko, matembele, kisamvu, mapapai, mapera. Nyuzinyuzi zake huibeba estrojeni iliyofungwa kabla haijafunguliwa tena.

Kunywa maji kwa haja. Mkojo uwe na rangi hafifu. Lita nyingi kupita kiasi haziongezi usafi, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo zinaweza kumdhuru.

Kulala. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wa kiume wenye afya saa tano tu kwa usiku, muda wa juma moja. Testosteroni yao ilipungua kwa asilimia 10 hadi 15. Anayekesha na simu hadi saa nane za usiku, kisha akapitwa na alfajiri, anapoteza mara mbili.

Kufunga. Saumu ni ibada kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na tusiigeuze tangazo la dawa. Ni kweli kwamba mwili uliofunga humaliza sukari iliyowekwa akiba katika ini, kisha ukaanza kutumia mafuta. Lakini faida hiyo huliwa na futari ya sambusa, kaimati na juisi zenye sukari nyingi. Na mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au mjamzito amuulize daktari kabla ya kufunga. Dini imempa ruhusa, asiione ruhusa hiyo kuwa ni udhaifu.

Wapo watakaotuuliza juu ya habasoda, asali na hijama. Hayo yana nafasi yake katika sunna, nasi hatuna la kupinga. Lakini Mtume huyo huyo (s.a.w.) ndiye aliyetuhimiza tutafute matibabu. Aliyetumia habasoda asimfiche daktari wake, na aliyekwenda kwa daktari asidhani kwamba amepungukiwa na tawakkul.

PASIPO NA NAFASI YA CHUPA

Ndugu wasomaji, yapo mambo ambayo lishe bora haiyatoshi, na kila mwezi wa kuchelewa una gharama. Mwanamke ambaye si mjamzito na siku zake zimepotea miezi mitatu, au anatokwa damu kupita kiasi, au anatoka maziwa bila ya kunyonyesha, au ameota ndevu na chunusi nyingi, aende hospitali. Ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi peke yake, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, huwapata wanawake kati ya 6 na 13 kwa kila mia walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kwamba wanao. Mwenye uvimbe shingoni, mwenye kiu na mkojo mwingi, mwenye macho ya manjano, mwenye kuvimba miguu na uso asubuhi, hao pia wasingoje.

Na wanandoa waliokaa mwaka mmoja bila ya mimba wapimwe wote wawili. Akina baba, tunasema nanyi. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanamume naye ana sehemu yake. Ni dhulma kumnywesha mama chupa kwa miaka, akaitwa tasa na mawifi, ilhali baba hajapeleka hata kipimo kimoja.

Sasa turudi kwa yule kijana. Hakukopa. Zile fedha alizokuwa amekwisha zikusanya aliwalipia nauli na vipimo, yeye na mkewe. Alirudi baada ya majuma machache akatueleza. Ilionekana kwamba tezi ya shingo ya mkewe ilikuwa imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Ndiyo iliyoleta uchovu, baridi, nywele kukatika na siku kupotea. Hapakuwa na cha kusafisha. Palikuwa na kilichopungua. Dawa yake ikawa kidonge kidogo kila asubuhi kabla ya kula. Mwezi wa nne siku zake zilirudi. Mtoto bado hawajajaaliwa, na hilo liko kwa Mola wao, lakini bibi yule sasa anaamka, anapika na anacheka.

Kijana alitwambia neno moja ambalo tunaliacha kwenu kama lilivyo: "Ustadhi, mwaka mmoja na nusu nilikuwa nikipigana na sumu. Kumbe mke wangu alikuwa mgonjwa tu."

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awaponye wagonjwa wetu, awape watoto wema wanaowatafuta, na atujaalie tuwe waangalifu wa amana hii ya mwili mpaka siku tutakapoirudisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.